Ardhi si ya Mtu, Ardhi Haina Mtu: Reli na Njozi ya Koloni katika Freiland ya Theodor Hertzka

Utangulizi

Mwaka 1890 Theodor Hertzka, mwanauchumi na mwandishi wa magazeti wa Vienna, alitoa riwaya kwa Kijerumani aliyoiita Freiland, yaani Nchi Huru. Ingawa riwaya hiyo iliandikwa Ulaya na kwa ajili ya wasomaji wa Ulaya, mandhari yake ni ya Afrika Mashariki. Watu wa mataifa mbalimbali, waliochoshwa na umaskini uliokaa bega kwa bega na utajiri wa viwanda, wanaunda chama, wanatuma msafara wa kwanza Mombasa, nao unapita Taveta na nchi ya Wamaasai hadi miteremko ya Mlima Kenya. Huko wanaasisi jamii isiyo na kabaila, isiyo na riba na isiyo na mwajiri. Tafsiri ya Kiingereza ya Arthur Ransom ilichapishwa mwaka 1891, na wafuasi wa Hertzka wakaunda vyama vya kuitimiza ndoto hiyo. Mwaka 1894 kundi dogo la wafuasi hao lilishuka Lamu likikusudia kuufuata mto Tana hadi mlimani. Halikufika. Lilisambaratika hukohuko pwani, na wanachama wake wakarejea makwao.

Kwa sababu ya mkasa huo wa Lamu, Freiland imezoea kutajwa kama kichekesho cha historia: kitabu kinene cha mtu aliyepanga kila kitu isipokuwa namna ya kuondoka ufukweni. Makala haya yanashikilia kwamba kicheko hicho kinamnyima msomaji, hasa msomaji wa Kenya, jambo la msingi. Msafara ulishindwa, lugha ya mpango haikushindwa. Miaka 7 baada ya mkasa wa Lamu, reli iliyotoka Mombasa ilikuwa imefika Ziwa Viktoria, na maeneo yaliyokuwa yamechorwa katika riwaya kama makao ya walowezi yakaanza kugawiwa walowezi wa kweli. Itafafanuliwa hapa kwamba Freiland inachanganya kauli mbili zinazofanana kwa sauti na kuachana kabisa kwa maana, yaani “ardhi si ya mtu” na “ardhi haina mtu”, na kwamba reli ndiyo chombo cha usimulizi kinachomvusha msomaji kutoka kauli moja hadi nyingine bila yeye kutambua kwamba amevuka.

Koloni na njia: mfano wa Topolobampo

Kabla ya kuichambua riwaya yenyewe, inafaa kuiweka katika kundi lake. Hertzka hakuwa peke yake katika kuifungamanisha njozi ya jamii kamilifu na njia ya chuma. Mwaka 1872 mhandisi wa Kimarekani, Albert Kimsey Owen, aliiona ghuba ya Topolobampo katika jimbo la Sinaloa, Meksiko, alipokuwa katika shughuli za kupima njia ya reli. Aliamini kwamba ghuba hiyo ingekuwa mwisho wa reli itakayoiunganisha Marekani na Bahari ya Pasifiki kwa masafa mafupi kuliko njia zilizokuwapo. Mwaka 1881 alipata kibali cha serikali ya Meksiko cha kujenga reli. Juu ya kibali hicho aliusimamisha mpango wa mji wa ushirika alioueleza katika kitabu chake Integral Co-operation cha mwaka 1885: mji wa mitaa iliyonyooka, makazi yenye majiko ya pamoja, na uchumi wa huduma zinazobadilishwa kwa huduma. Mshirika wake mmoja alikuwa mwandishi Marie Howland, ambaye riwaya yake Papa’s Own Girl ya mwaka 1874 ilikuwa imekwisha kuwapa wasomaji picha ya jumba la ushirika kama lile alilolijua huko Guise, Ufaransa.

Wakoloni wa kwanza waliwasili Topolobampo mwishoni mwa mwaka 1886. Hawakukuta mji wala reli. Walikuta ghuba nzuri isiyo na maji ya kunywa ya kutosha, na wengi wao wakatumia nguvu zao kuchimba mfereji wa kuyaleta maji ya mto Fuerte mashambani. Mafarakano yalizuka, na kufikia katikati ya miaka ya 1890 ushirika ulikuwa umevunjika. Reli yenyewe iliendelezwa na makampuni mengine na kukamilika mwaka 1961, wakati ambapo hakuna aliyeuhitaji tena mji wa ushirika ili kuihalalisha.

Mfano huu unadhihirisha mambo mawili. Kwanza, reli na koloni vilikopeshana heshima. Mtaji wa reli uliitwa kwa jina la jamii mpya, na jamii mpya ikaaminika kwa sababu ilikuwa na ramani, vipimo na kibali chenye mhuri. Pili, katika maandishi ya namna hii ramani hutangulia watu. Nchi ya Wamayo, wenyeji wa bonde la Fuerte, inaingia katika mpango kama nafasi kati ya bandari na soko. Mpangaji hahitaji kuwachukia wenyeji ili kuwafuta. Inatosha awe anaitazama nchi yao kama masafa.

Reli kama bawaba ya hoja

Katika riwaya nyingi za utopia za karne ya kumi na tisa mashine ni pambo la mandhari. Mwandishi humtembeza mgeni, humwonyesha maajabu, kisha huendelea na hotuba zake. Katika Freiland hali si hiyo. Ili kuelewa nafasi ya reli hapana budi kuelewa nadharia ya kiuchumi ambayo riwaya imeandikwa kuifafanua.

Kwa mujibu wa Hertzka, kila mkazi wa Nchi Huru ana haki sawa ya kuitumia ardhi, na hakuna anayeweza kuimiliki. Kazi hufanywa na vyama vya uzalishaji vilivyo wazi kwa kila mtu. Mtu yeyote anaweza kujiunga na chama chochote, na kukiacha, wakati wowote. Mtaji hutolewa na jamii bila riba. Hesabu za kila chama hutangazwa hadharani. Wanawake, watoto, wazee na wasiojiweza hutunzwa kutoka hazina ya wote kama haki yao, si kama sadaka. Hakuna mwenye mamlaka anayepanga nani afanye kazi gani. Mizani inatokana na mwendo wa watu wenyewe: wakisikia kwamba mahali fulani mapato ni makubwa zaidi, wanakwenda huko, wingi wao unayapunguza mapato hayo, na hatimaye malipo yanalingana nchini kote.

Nadharia hii ina uzuri wake, na mhakiki asiyeukiri hawezi kuitendea haki riwaya. Hertzka alitaka usawa usiohitaji askari wala msimamizi. Lakini nadharia hiyo inasimama juu ya sharti moja lisilotamkwa kwa sauti kubwa: watu na habari lazima visafiri kwa wepesi. Mfanyakazi asiyeweza kuhama hana uhuru ambao Hertzka anamwahidi. Kwa hiyo reli si pambo bali ni bawaba. Ndiyo maana usimulizi unaharakisha kutoka njia ya msafara hadi barabara, na kutoka barabara hadi njia ya chuma inayoliunganisha Bonde la Edeni, makao makuu ya koloni, na bahari. Bila njia hiyo, usawa wa Nchi Huru ungebaki usawa wa kijiji kimoja kilichojificha mlimani.

Fani ya riwaya inathibitisha jambo hili. Sehemu ya mwanzo inasimuliwa kwa mtindo wa kumbukumbu za safari, na mwendo ni wa miguu: msimulizi anataja maji, mzigo, kambi, na watu wanaokutana na msafara. Katika sehemu hiyo wenyeji wapo. Wanazungumza, wanabishana, wanaogopesha na kuogopeshwa, wanafanya mapatano. Msomaji anayewajua wasafiri wa miaka ya 1880 kama Joseph Thomson na Harry Johnston ataitambua sauti hiyo mara moja, na kiongozi wa msafara kuitwa Johnston si jambo la kupuuzwa. Baada ya koloni kusimama, kumbukumbu za safari zinazipisha takwimu, ripoti na barua, na mwishowe mkutano mkubwa ambamo wajumbe wanajadiliana juu ya kanuni za uchumi huru. Wanaoubeba mjadala huo ni watu wenye maswali ya Ulaya. Kadiri chombo cha usafiri kinavyokwenda kasi, ndivyo mwenyeji anavyopungua katika ukurasa. Aliyekutana na msafara ana jina na kauli. Aliyeko kando ya reli ni sehemu ya mandhari.

Kauli mbili

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Hertzka anapoandika kwamba ardhi haiwezi kuwa mali ya mtu, anawalenga makabaila wa Ulaya. Ni kauli ya kimaadili, na katika mazingira ya Ulaya ilikuwa kauli ya ujasiri. Hata hivyo, ili aitekeleze kwenye karatasi, alihitaji mahali ambapo hangelazimika kwanza kuinyang’anya ardhi kutoka mikononi mwa wenyewe. Huko Austria angehitaji mapinduzi. Kwenye Mlima Kenya alihitaji msafara tu. Kanuni ya “ardhi si ya mtu” inapata uwanja wa majaribio kwa kudhania kimyakimya kwamba “ardhi haina mtu”.

Inaweza kujibiwa kwamba Nchi Huru haimfukuzi mwenyeji, kwa kuwa kanuni zake zinamruhusu kila mtu kujiunga. Jibu hilo ni la kweli lakini halitoshi. Mwenyeji anaalikwa kama mwanachama mpya wa jamii ambayo wageni wameianzisha nyumbani kwake. Haulizwi kama tayari anayo sheria ya ardhi. Anapewa haki sawa ya kutumia kitu ambacho, kabla ya kupewa haki hiyo, hakuhitaji kupewa na yeyote.

Kejeli ya mahali penyewe ni kubwa. Mlima uleule ambao wageni wa Hertzka wanaufanya uwanja wa mjadala juu ya umilikaji, ulikuwa umezungukwa na jamii zenye sheria pevu kuhusu jambo hilohilo. Mwaka 1938 Jomo Kenyatta, katika kitabu kinachojulikana kwa Kiswahili kama Naushangilia Mlima wa Kenya, alieleza mfumo wa githaka na mbari miongoni mwa Wagikuyu: namna ardhi ilivyopatikana, ilivyorithiwa, na namna jamaa na wapangaji walivyopewa haki ya kulima bila ya umilikaji kuhama. Kenyatta analikana hasa dai kwamba ardhi ya Wagikuyu ilikuwa ya kabila zima pasipo mwenyewe maalumu. Hapana ushahidi kwamba alikuwa akimjibu Hertzka, wala hahitaji kuwa alimjibu. Vitabu viwili vinavyoutazama mlima mmoja vinajibizana kwa msomaji anayeviweka pamoja: kimoja kinauliza ardhi igawiwe vipi kwa haki, kingine kinaonyesha kwamba swali hilo lilikuwa na majibu tangu kabla muulizaji hajafika.

Kitabu hichohicho cha Kenyatta kinasimulia pia utabiri wa Mugo wa Kibiro juu ya nyoka wa chuma ambaye angetambaa kutoka upande wa bahari moja kuelekea maji ya upande mwingine. Mara nyingi utabiri huu huchukuliwa kama ngano ya kustaajabia. Ukisomwa mkabala na Freiland, unakuwa uhakiki wa sitiari. Hertzka anaiona reli kutoka ndani ya behewa, kama njia. Mugo anaiona kutoka shambani, kama kiumbe kinachopita juu ya mahali ambapo watu wapo. Picha ya nyoka ni sahihi zaidi kihistoria, kwa sababu inakumbuka kwamba ardhi inayopitwa ina mtazamaji.

Kutoka Lamu hadi Kisumu

Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika mahali pa Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India, na takriban 2,500 kati yao walifia kazini. Riwaya ya Hertzka haikaribii kuwaza gharama ya namna hiyo, kwani ndani yake ujenzi unasimuliwa kwa muhtasari wa matokeo: njia inakamilika, bidhaa zinasafiri, mapato yanapanda. Usimulizi hauketi na kibarua hata mmoja muda wa kutosha kumjua. Hapa upungufu wa kifani ni upungufu wa kiitikadi. Utopia iliyojengwa juu ya heshima ya kazi inashindwa kuieleza kazi ile iliyo ngumu kuliko zote katika kuijenga utopia hiyo.

Si sahihi kudai kwamba serikali ya Kiingereza ilifuata kitabu cha Hertzka. Reli ile ilitokana na mashindano ya madola na hofu juu ya chimbuko la Naili, si ndoto ya usawa. Hoja ya makala haya ni nyingine: sarufi ya mpango ni ileile. Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 iliiweka chini ya serikali ardhi iliyohesabiwa kuwa haikukaliwa, ili igawiwe walowezi ambao mizigo yao ingeilipia reli. Mapatano ya mwaka 1904 yaliwahamisha Wamaasai kutoka Bonde la Ufa hadi hifadhi mbili, mojawapo Laikipia, na yalitaja wazi haja ya kuwaweka mbali na njia ya reli. Mwaka 1911 walitakiwa kuondoka Laikipia pia. Ole Gilisho na wenzake wakalipeleka shauri mahakamani mwaka 1913, na likatupwa. Wamaasai, ambao katika Freiland ni marafiki waliopatikana kwa werevu wa msafara, katika historia waliondolewa njiani na reli ambayo riwaya iliisifu kabla haijajengwa.

Hata njozi yenyewe haikufa. Mwaka 1903 Uingereza ilitoa pendekezo la kuwapa Wayahudi waliokuwa wakiteswa Ulaya ya Mashariki eneo la Uasin Gishu, baada ya Joseph Chamberlain kusafiri kwa reli hiyo. Theodor Herzl, aliyelipeleka pendekezo hilo kwa wenzake, alikuwa ameitaja Freiland katika utangulizi wa kijitabu chake cha mwaka 1896 kama mtambo wa kubuni usiothibitika kwamba unaweza kuendeshwa. Mwaka 1905 pendekezo lilikataliwa na mkutano wa Wazayuni. Kwa mara nyingine nchi iliyoonekana kutoka dirisha la behewa ilikuwa imedhaniwa kuwa tupu.

Njozi isiyohitaji nchi ya mwingine

Je, kila njozi ya jamii kamilifu lazima iangukie dosari hii? Fasihi ya Kiswahili inatoa jibu. Katika Kusadikika, iliyochapishwa mwaka 1951, Shaaban Robert anabuni nchi iliyoko angani, na Karama, mshtakiwa, anaieleza mahakama habari za wajumbe waliotumwa pande sita. Kila mjumbe alikwenda ugenini, akajifunza jambo lenye manufaa, akarudi, na kwa malipo ya huduma hiyo akatiwa kifungoni.

Mwelekeo wa safari ndio unaotofautisha kazi hizi mbili. Wasafiri wa Hertzka wanakwenda na jibu na kutafuta mahali pa kuliweka. Wajumbe wa Shaaban Robert wanakwenda na swali na kurudi na jibu kwao. Wa kwanza wanaikimbia nchi yao iliyooza wakajenge upya kwa wengine. Wa pili wanarejea katika nchi yao iliyooza na kulipia urejeo huo kwa uhuru wao. Kusadikika haina reli kwa kuwa haihitaji kumfikisha mtu kwenye ardhi ya mwingine. Kuwekwa kwake angani, ambako wengi wamekueleza kama hila ya kuwakwepa wakaguzi wa kikoloni, kunaweza pia kusomwa kama adabu: mwandishi aliyekulia katika ardhi iliyochukuliwa anaijenga nchi yake ya mfano mahali ambapo hakuna wa kuhamishwa.

Hitimisho

Freiland inastahili nafasi katika mafunzo ya fasihi ya Kenya, si kama kazi ya Kikenya bali kama andiko lililoiandika Kenya kabla haijaitwa koloni. Mwanafunzi aisome pamoja na Kenyatta na Shaaban Robert. Aisome pia bila dharau, kwa maana swali lake kuhusu riba, ardhi na matunzo ya wanyonge bado lina uzito, na wengi waliolicheka hawakuwa na jibu bora. Kinachopaswa kukataliwa ni uvukaji ule wa kimyakimya kutoka “si ya mtu” hadi “haina mtu”.

Uangalifu huu hauhusu karne ya kumi na tisa peke yake. Mwaka 2012 ulizinduliwa huko Lamu, pwani ileile iliyowashinda wafuasi wa Hertzka, mpango wa bandari, barabara, reli na miji ya kitalii, pamoja na ramani zake za kupendeza. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wa Lamu walipwe fidia, baada ya wao kulalamika kwamba mradi uliathiri maji wanamovua na kwamba hawakushirikishwa ipasavyo. Nyaraka za mpango wa aina hiyo nazo ni maandishi: zina wasimulizi, zina mandhari, na zina watu wanaotajwa na wasiotajwa. Mhakiki wa fasihi aliyezoezwa kuuliza nani anasema na nani amenyamazishwa ana kazi ya kufanya katika nyaraka hizo, na afadhali aifanye kabla mataruma hayajatandazwa.